Tapeli kajua jina la mwanangu, mwalimu wake na mtaa ninaokaa. Kavitoa wapi?

Mama Keki wa Tabata
Jumanne, saa 2:14 usiku

Wakuu, habari za jioni. Mimi humu ni msomaji tu, na zaidi nashinda kule kwenye mapishi, ila leo limenikuta jambo na naomba mwenye uelewa anifafanulie.

Asubuhi kama saa nne nimepigiwa na namba ngeni. Mwanaume, sauti tulivu ya kistaarabu, nyuma yake nasikia makelele ya watoto kama shule iko mapumziko. "Habari za asubuhi, naongea na Da Tatu Keki?" (Tatu si jina lenyewe, nimelibadilisha kabla hamjanicheka.) Nikaitika. Akasema ametumwa na mwalimu wa darasa wa mwanangu, akamtaja mwalimu majina yake mawili, yote sahihi. Eti mtoto ameteleza kwenye ngazi, kichwa kimegonga saruji, wamemkimbiza hospitali, daktari anataka kipimo cha kichwa na bila elfu themanini na tano hawampimi. Simu ya mwalimu imeisha chaji, kwa hiyo nitume kwenye namba atakayoniandikia yeye. Akamtaja mwanangu kwa jina, akataja Darasa la Pili. Akaweka na huruma juu yake: "Usipande daladala sasa hivi mama, kutoka Tabata foleni itakuchelewesha. Tuma kwanza ndiyo uje."

Magoti yaliisha nguvu. Kilichoniokoa ni tetekuwanga. Mwanangu anaumwa tetekuwanga tangu Ijumaa, shule hajaenda. Wakati yule mtu anaongea, mtoto mwenyewe kalala kwenye kochi hatua mbili kutoka niliposimama, uso mzima umepakwa dawa nyeupe kama katoka kucheza na unga wangu, anaangalia katuni. Nikamtazama, nikaitazama simu, nikauliza, "Mwanangu yupi?" Akakata.

Meseji ya namba ya kutuma hela ikaingia hata hivyo, nadhani alikuwa ameshaiandaa. Inaanza na majina yangu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, mpaka la babu, ambalo hata mume wangu hulikosea.

Hela sijatuma, nashukuru Mungu. Ila tangu asubuhi nazunguka ndani kama kuku anayetaka kutaga. Simu ninayo moja, ina nywila, linki za ajabu sibonyezi. Jirani yangu anasema imedukuliwa, niipeleke Kariakoo ikaflashiwe. Mle nina picha za keki za miaka minne. Niiflashi?

---

Chura wa Jangwani
Jumanne, saa 2:31 usiku

Flashi haraka sana mama, hiyo simu ina mdudu. Na laini tupa. Mimi mwaka juzi nilitupa laini na tangu hapo nimetulia.

---

Wakala Mstaafu
Jumanne, saa 3:20 usiku

Dada, usiflashi. Utapoteza picha zako na hela ya fundi juu, halafu wiki ijayo atakupigia tena. Pole kwa mshtuko, na mtoto apone.

Mimi nimekaa kwenye kibanda cha uwakala miaka sita, Buzuruga, Mwanza, simu nne mezani kila moja na mtandao wake. Matapeli nimewatolea hela bila kujua, wengine nimekuja kuwajua polisi walipofika na picha. Wanachofanya si uchawi. Wanaokota. Kipande hiki huku, kile kule, wanaunga.

Tuanze na jina la babu, maana naona ndilo lililokutoa roho, na kumbe ndilo jepesi kuliko yote. Chukua simu yako sasa hivi, ingia kwenye kutuma pesa, weka namba ya jirani yako huyo mtaalamu wa kuflashi, andika elfu moja. Kabla hujathibitisha, jina linakuja, na mara nyingi linakuja lote. Ghairi. Hukatwi hata senti. Kitu hicho kimewekwa kwa nia njema kabisa, usije ukakosea namba ukamtumia mtu baki. Na tangu tusajili laini kwa alama za vidole, jina linalotokea ni la NIDA, yaani la kitambulisho cha taifa. Mnakumbuka zile foleni za kabla ya Januari 20, 2020, watu wamelala nje ya ofisi ili laini zisizimwe? Sasa matunda yake ni kwamba mwenye namba yako ana na jina lako la serikali. Na namba yako wewe, mwuza keki, iko wapi? Iko kila mahali, ndiyo maana unauza.

Tena msidhani ni mtandao peke yake. Enzi zangu kila muamala tuliuandika kwenye daftari: jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Siku moja nimenunua karanga stendi, nimeshakula nusu ndiyo naitazama karatasi waliyozifungia. Mwandiko naujua. Ni wa mwenzangu wa kibanda cha tatu. Wateja kumi na wanane, namba zote zinasomeka vizuri, na chumvi juu yake.

Sasa dada, nisaidie vitu vitatu ndiyo nikuambie ninachokiwaza. Huo ukurasa wako wa keki uutazame kwa simu ya mtu ambaye hakufuati, kana kwamba hujijui. Pili, nani hasa anakuita "Da Tatu Keki"? Tatu, na hili ulikumbuke vizuri: umewahi kupata meseji ya kudaiwa deni ambalo si lako?

---

Kitunguu Maji
Jumanne, saa 3:44 usiku

Kabla hatujafika mbali. Akina mama mmezidi kuanika watoto mitandaoni kama nguo za kufua. Birthday picha, ubatizo picha, jino limetoka picha. Halafu mnauliza kajuaje. Mleta mada hata jina lake la humu limeshatuambia anafanya nini na anakaa wapi!

---

Kijana wa Steshenari
Jumanne, saa 4:02 usiku

Hapo kwenye jina la humu Kitunguu hajakosea, nimecheka peke yangu.

Niongezee la kwangu. Niko Morogoro, duka la fotokopi na kuprinti. Kwa siku watu kama arobaini wananitumia mafaili yao WhatsApp ya duka: vitambulisho vya NIDA mbele na nyuma, vyeti vya kuzaliwa, TIN, wasifu wa kuombea kazi wenye namba za wadhamini watatu. Naprinti, analipa mia mbili, anaondoka. Faili linabaki. Nilipoajiriwa nimekuta kwenye ile kompyuta vitambulisho tangu 2019, na bosi hajui hata kama vipo. Kompyuta yenyewe haina nywila, na mchana watoto wa jirani wanachezea gemu pale.

Na mjue ile namba ya NIDA yenye tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Halafu angalia watu wangapi namba yao ya siri ya simu ni mwaka wa kuzaliwa.

Siku hizi mteja akishaondoka nafuta. Nimewahi kumwambia mama mmoja "naifuta hii mbele yako", akanijibu, "iache tu mwanangu, kesho naweza kuihitaji."

---

Mama Keki wa Tabata
Jumatano, saa 5:10 asubuhi

Asanteni wote. Jina la humu nimeomba kulibadilisha, nasubiri msimamizi.

Wakala, nimefanya ulivyosema. Nimechukua simu ya mume wangu, yeye hana mambo ya Instagram kabisa, nikafungua ukurasa wangu kama mgeni. Nikaangalia na saa ya ukutani. Dakika tisa, na huku napembua mchele.

Namba yangu ya simu iko juu kabisa, hiyo niliiweka mwenyewe. Keki ya Julai, ngazi tatu, krimu ya bluu, jina la mwanangu limeandikwa kwa mkono wangu na namba 8 juu yake. Chini nimeandika "darasa la pili huyoo". Nikasogeza picha ya pili: kavaa sweta la shule, nembo inaonekana wazi kuliko keki. Basi nikadhani yameisha. Nikateremka hadi Juni. Ripoti ya muhula, wakuu. Mtoto amekuwa wa 4 kati ya 61 na mimi kwa furaha nimepiga picha ukurasa mzima nikaurusha. Jina la mwalimu wa darasa lipo, sahihi ipo, mhuri wa shule upo, na maoni yake: "Ana bidii, apunguze maongezi." Nilikuwa nimeandika tu "mama anajivunia".

Nilikaa chini. Yule tapeli mwalimu hakumtafuta popote, nilimpa mimi mwenyewe na mhuri.

Tabata nayo ipo kila posti, maana mteja lazima ajue keki inatoka wapi. Na wale wanaokuja kuchukua wenyewe nawatumia lokesheni ya nyumbani. Kwa miaka minne sijui ni watu wangapi wamebaki na mlango wangu kwenye simu zao.

Kitunguu Maji, ile keki ya mwanangu iliniletea oda kumi na moja. Watu hawaagizi keki kwa maelezo, wanaagiza kwa kuona mtoto anacheka. Kodi ya nyumba hulipi wewe. Ripoti nimeifuta, sweta nimelifuta, keki naiacha.

Swali la pili ndilo lililonikesha. Hapa mtaani naitwa Mama fulani, kwa jina la mtoto. Wateja wananiita Mama Keki. "Da Tatu" wananiita wadogo zangu tu, nyumbani. Na hata wao hakuna anayetamka "Da Tatu Keki". Nimelirudia kwa sauti jikoni, halitamkiki. Hilo si jina la kuitwa, ni jina la kuandikwa.

La tatu: ndiyo. Mwezi wa tatu ilinijia meseji, namba ngeni, kwamba mdogo wangu fulani ni mwizi na tapeli, mimi ni mdhamini wake, nimwambie alipe leo kabla picha yake haijasambazwa. Nikajua ni wale wa "ile hela itume kwenye namba hii", nikacheka nikafuta. Kwa nini umeuliza?

---

Wakala Mstaafu
Jumatano, saa 8:35 mchana

Jina la kuandikwa. Dada, umelisema vizuri kuliko ambavyo ningelisema mimi, na jibu lako limo humo humo.

Mdogo wako alikopa kwenye simu. Usimkasirikie kwanza, nisikilize. Vijana wangapi wamekuja kibandani kwangu kutoa hizo hela! Anaomba hamsini, anapokea thelathini na mbili na mia tano kwa sababu wameshakata "huduma", na baada ya siku saba anatakiwa arudishe hamsini na zaidi. Wakati wa kusajili, programu inamuuliza: uniruhusu nione majina uliyohifadhi? Uniruhusu nisome meseji zako? Yeye ana shida, mtoto anaumwa au boda imeharibika, anabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hapo hapo orodha yake yote ya majina imeshahama. Akichelewa siku moja, wanaanza kuwatumia watu wake meseji za kumdhalilisha, mama mkwe, mchungaji, bosi. Wewe hukuwa mdhamini wa mtu. Ulikuwa jina kwenye simu yake.

Google walikataza hilo kwa programu za mikopo zilizo kwenye duka lao, kwamba kuanzia Mei 31, 2023 zisiguse majina ya watu wala picha. Kwa hiyo wakopeshaji wa vichochoroni siku hizi wanatuma linki WhatsApp, unapakua faili nje ya duka, na huko hakuna wa kukataza. Benki Kuu nayo Novemba 2024 ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, ikataka wananchi waachane nazo. Sitini na tisa, dada. Muulize mdogo wako kama aliangalia orodha.

Sasa kaa upande wa yule tapeli. Wale wa "ile hela itume kwenye namba hii" wanarusha jiwe gizani, wanatuma kwa watu elfu, atakayekuwa anadaiwa kodi siku hiyo ndiye atakayeumia. Huyu wako alikuwa na tochi. Anapata orodha ya majina na namba, iwe kanunua au kapewa na aliyekuwa akifanya kazi ya kudai humo. Mistari mingi haina maana, "Juma 2", "Fundi", "Asha Mpya". Anafika kwenye "Da Tatu Keki". Hapo mtu ameshajieleza: ni mwanamke, anauza keki, kuna mtu anamwita dada. Anaweka namba kwenye kutuma pesa, majina matatu yanakuja. Anatafuta namba hiyo hiyo mtandaoni, ukurasa wako wa Instagram unafunguka. Yaliyobaki umeyaona mwenyewe kwa simu ya shemeji, dakika tisa.

Kwa hiyo simu yako haijaguswa na mtu. Iliyofunguliwa ni ya mwenzako.

Ukitaka uhakika, mpigie mdogo wako, mwombe akusomee alivyokuhifadhi. Neno kwa neno. Usimtajie kwanza.

---

Binti wa Mahakamani
Jumatano, saa 1:05 usiku

Nimesoma uzi wote kwenye mwendokasi nimepitiliza kituo.

Kwa upande wa sheria: faragha imo kwenye Katiba, Ibara ya 16, ila iliyo na meno ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 3, 2024, na malalamiko ya wananchi inapokea. Anayekusanya taarifa zako lazima uwe umejua anazikusanya kwa ajili ya nini, na hawezi kuzigeuzia kazi nyingine. Dada hajawahi kuingia mkataba wowote na huyo mkopeshaji, ila namba yake imetumiwa kudai deni. Taarifa zinazohusu watoto sheria imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo na shule zinazorusha picha za mahafali zikiwa na majina na madarasa zijiangalie.

Msitegemee sana tapeli mwenyewe kupatikana, japo karipoti polisi upate namba ya jalada. Mwenye anwani ndiye anayeshtakika: mkopeshaji, shule, duka, kampuni. Wengi huku mtaani tunaishia kulaani hewa, na tuliyempa taarifa zetu yupo na ofisi na kibao cha jina mlangoni.

Na usifute ile meseji kama ulivyofuta ya mwezi wa tatu! Itume pamoja na namba ya tapeli kwenda 15040. Halafu piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mimi nilikuta laini moja siijui, nikakumbuka yule kijana wa mwavuli aliyeniambia "dole halijasoma dada, rudia tena".

---

Mkaazi wa Umoja
Jumatano, saa 2:48 usiku

Pole sana mama, nikiwa hapa Nairobi. Hii mambo ya mikopo ya simu ilitutesa sisi mapema kuliko nyinyi. Mimi mwenyewe nilipigiwa nikiwa kazini, mdosi amesimama kando yangu, nikaambiwa nimwambie mtu fulani alipe. Huyo mtu ni jamaa aliniuzia kitanda 2018! Sijawahi kuongea naye tena. Bado nilikuwa kwa simu yake kama "Customer Kitanda".

Lakini ukilalamika wakati mwingine inafanya kazi. Sheria yetu ni ya 2019, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza faini watatu kwa mpigo. Kampuni moja ya mikopo, shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia vitisho. Kilabu kimoja cha starehe, 1,850,000, kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Na shule, hii ndiyo ilipigwa zaidi, 4,550,000, kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Siku hizi shule ya mtoto wangu wanatuma fomu kwanza, unaweka tiki kama unakubali picha. Mimi huweka hapana, na mtoto ananuna kwa sababu kwa kila picha anaambiwa asimame kando.

---

Chura wa Jangwani
Jumatano, saa 3:15 usiku

Nimejaribu ile ya kutuma elfu moja kwa namba ya mwenye nyumba wangu. Miaka mitano namwita Mzee Rashidi, jina limekuja jingine kabisa. Sasa sijui nimlipe nani kodi.

---

Kitunguu Maji
Jumatano, saa 3:22 usiku

Mama Keki, nimekuelewa kuhusu oda. Nilisema kwa ukali, samahani. Ila sweta la shule lile, hapana.

---

Mama Keki wa Tabata
Alhamisi, saa 4:40 usiku

Nimerudi na mrejesho.

Nimempigia mdogo wangu leo saa saba mchana, akiwa kijiweni. Nikamwambia, hebu fungua ulivyonihifadhi, unisomee. Akauliza kwa nini, nikamwambia soma tu. Akanyamaza kidogo, nasikia anabonyeza. Akasoma: "Da Tatu Keki."

Nikamuuliza ana majina mangapi kwenye simu. Mia tatu na themanini na kitu. Nikamuuliza kuhusu ile hela ya mwezi wa tatu. Hapo alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Akasema, "Dada, gia ilikuwa imekatika, na wewe nilikuwa naona aibu kukuomba tena." Alichukua elfu sitini, mkononi ikafika arobaini. Linki alitumiwa na mwenzake wa kijiweni, ambaye naye alitumiwa na mwingine. Deni alishalilipa, mara mbili karibu, na programu ameifuta. Nikamwambia ulichofuta ni mlango, na wezi walishatoka na vitu. Kisha nikajuta, maana sauti yake ilibadilika. Mimi ni mkubwa wake, na mwezi wa tatu aliponipigia nilimwambia nina oda, nitampigia baadaye. Sikumpigia.

Binti wa Mahakamani, 15040 nimetuma. *106# nimepiga, laini ni zangu mbili tu. Kituoni nimekwenda, askari ameandika, naye akaniambia mke wake alipigiwa simu kama hiyo hiyo, wao mtoto alivunjika mguu. Kesho naandika barua kwa Tume, mume wangu anasaidia Kiswahili cha kiofisi. Kwa mwalimu nimekwenda pia, maana naye jina lake limetumika na hajui. Amesema wazazi watatu wa darasa hilo hilo wameshapigiwa, mmoja alituma. Nilipata aibu, maana ripoti yenye jina lake niliirusha mimi, ingawa kumbe si mimi peke yangu. Tumekubaliana kwenye kundi la wazazi tuweke neno la siri, kila mzazi na lake, mtu akipiga kuhusu mtoto aulizwe hilo kwanza. Baba mmoja ameshaliandika la kwake kwenye kundi.

Lokesheni sitoi tena, mteja anakutana na boda kituoni.

Basi jioni nimekaa, mtoto amelala, vipele vimekauka vinamwasha tu. Nikafungua simu yangu kuangalia na mimi nimewahifadhi watu vipi. Majina mia sita na kumi na mawili. Wakuu. "Mama Salma Presha", huyu hapendi mtu ajue anatumia dawa. "Baba Kelvin Bado 40", ananidai au namdai sikumbuki, lakini imeandikwa. "Dada wa Kazi Aliyeondoka na Sufuria." Jirani yangu wa kuflashi nimemwandika kwa jina ambalo siwezi kuliweka humu, akiliona urafiki umekwisha.

Nimeanza kuyabadilisha, moja moja, kuanzia A. Saa hizi niko K na sijui nitamaliza lini, maana wateja wote nimewaanzia na neno Keki. Hili lililo mbele yangu sasa ni "Keki Kipaimara Kinyerezi Geti Bluu Mume Hayupo Jumamosi".